Ukitaka kuijua kompyuta, anza na ya babu

Nina swali kwa vijana wenzangu wenye shahada, hasa sisi tunaoandika kwenye CV kwamba "tunaijua kompyuta" kwa kuwa tunaweza kuchora jedwali na kupamba slaidi. Ukiondolewa kipanya na picha zote kwenye skrini, ukaachiwa herufi moja na kistari kinachowakawaka, utafanya nini?

Wengi watazima mashine. Ndiyo maana nasema anayetaka kuijua kompyuta, si kuitumia tu, aanze na ile ya babu.

Nazungumzia IBM PC, ile 5150 iliyozinduliwa Marekani Agosti 12, 1981. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, na kwa fedha hizo ulipewa kumbukumbu ya kilobaiti 16. Flopi hukupata: kazi zako ulihifadhi kwenye kaseti, kama muziki. Aliyeongeza fedha alipata kiendeshi cha flopi, na flopi moja ilibeba kilobaiti 160. Picha moja ya simu yako leo haiingii humo.

Mfumo wake uliitwa DOS. Microsoft iliununua kutoka kampuni ndogo, Seattle Computer Products, alikouandika Tim Paterson, ikaipa IBM lakini ikabaki na haki ya kuwauzia wengine. Utajiri ule mnaousikia ulipata mbolea hapo.

Sasa kaa mbele yake. Tia flopi ya DOS, washa. Inajikagua, inalia mara moja, kisha inakuuliza leo ni tarehe ngapi. Usicheke. Haina saa ya betri, ukiizima imesahau. Ukishajibu inatokea A> na kimya. Inakusubiri wewe. Andika DIR, itakuorodheshea mafaili. COPY inanakili. ERASE inafuta, na hakuna kapu la taka la kwenda kuokota ulichotupa. Jina la faili halizidi herufi nane, pamoja na tatu za nyongeza baada ya nukta. FORMAT huandaa flopi mpya, lakini ukiielekeza kwenye flopi yenye kazi zako, kwaheri. Kwa hiyo kabla ya yote, toa nakala ya flopi ya DOS kwa DISKCOPY, ile ya asili iweke kabatini.

Jioni moja tu, na tayari unajua faili ni kitu gani, linakaa wapi na nani anatoa amri. Mashine haikubembelezi wala haikufichi.

Na hilo la kutoficha ndilo kubwa. IBM ilichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi pamoja na programu nzima ya BIOS, ile inayoiamsha mashine. Watu wakasoma, wakaelewa. Mwaka 1982 Compaq ikatangaza kompyuta yake inayoendesha programu zile zile, ikiwa imejiandikia BIOS yake bila kunakili. Leo tunashika simu zilizogandishwa kwa gundi, na kubadili betri tu ni shughuli. Tusishangae tukibaki wateja milele.

Sisi Watanzania tuna deni la ziada. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mashine hii ilipozaliwa marufuku ilikuwa bado ipo. Wengi wetu tulikutana na kompyuta ikiwa imeshavikwa madirisha na picha. Tuliruka darasa la kwanza, tukaingia moja kwa moja la saba.

Najua watakaosema huu ni utalii wa makumbusho, na kwamba hakuna mwajiri anayeuliza DOS. Kweli, hakuna. Lakini seva nyingi zinazobeba intaneti hadi leo huendeshwa kwa amri za kuandika. Aliyezoea A> akikutana nazo atajifunza amri mpya, hatajifunza ujasiri upya.

Wala huhitaji kusaka 5150. Ipo FreeDOS, iliyoanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ya bure kabisa. Unaiweka ndani ya programu inayoigiza kompyuta nyingine, kwenye laptop yako hiyo hiyo, bila kugusa mafaili yako. Ukinogewa, Microsoft yenyewe iliruhusu watu wasome programu chanzo za MS-DOS za zamani mwaka 2014, na toleo la 4.0 mwaka 2024. Na ukibahatika kupata mashine halisi, usifungue skrini yake ya kioo kinene. Ndani hubaki umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa.

Tumezoea kuulizwa na mashine "unakubali?" nasi tunabofya ndiyo bila kusoma. Tujaribu walau wikiendi moja kukaa na mashine isiyofanya lolote mpaka sisi tuseme.