Mota ya Darubini Si Mashine ya Kuchuma Chai

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu. Tangu muhula uliopita wanachama wa klabu ya sayansi wamegawanyika pande mbili kama timu za mpira. Tuna darubini moja ndogo ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 80, pamoja na kamera na kigurudumu cha vichujio. Tumechanga pesa kidogo. Upande mmoja unasema tununue darubini kubwa zaidi. Upande wa pili, ambao mimi niko, unasema tununue mota ndogo ya kuzungusha kifundo cha fokasi, ili kompyuta iifanye kazi hiyo yenyewe. Kwa kuwa wapinzani wetu wengi ni wanachama wa Chama hiki cha Kiswahili pia, nimeona nilete hoja zangu hapa, kwa lugha ambayo hakuna atakayesema hakuielewa.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Lenzi hukusanya mwanga wa nyota na kuuleta mahali pamoja, na mahali hapo ndipo fokasi. Kamera ikikaa hapo hapo, nyota hutoka kama ncha ya sindano. Ikikaa mbele au nyuma, nyota hufura kama mandazi. Basi kosa linaloruhusiwa ni kiasi gani? Kwa darubini kama yetu, ambayo fokasi yake iko milimita 480 kutoka kwenye lenzi, nafasi yote ya kuchezea ni karibu milimita 0.1. Huo ni unene wa karatasi moja ya daftari!

Sasa njoo kwenye vichujio. Kwetu hapa Kericho kila mtoto anajua chujio la chai: majani yanabaki, chai inapita. Kichujio cha darubini nacho ni kioo kinachopitisha rangi moja na kuzuia nyingine. Kamera yetu haijui rangi, kwa hiyo tunapiga picha kupitia kichujio chekundu, kisha cha kijani, kisha cha bluu, halafu tunaziunganisha. Kuna na kingine kinachopitisha mwanga wa haidrojeni peke yake, ule mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Hicho ndicho kinachofaa kwa mawingu ya gesi kama Nebula ya Orion, iliyo mbali kiasi cha miaka 1,300 hivi ya mwanga.

Tatizo ni kwamba kila kichujio kina fokasi yake. Lenzi hupinda mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, na lenzi ya bei nafuu haiwezi kuzileta rangi zote mahali pamoja kabisa. Pia kioo chenyewe cha kichujio husogeza fokasi nyuma kwa karibu thuluthi moja ya unene wake. Cha milimita 3 husogeza milimita 1, cha milimita 2 husogeza kama milimita 0.67. Tofauti hiyo ni mara tatu ya nafasi tuliyo nayo. Ndiyo maana ukitoka kwenye kijani kwenda kwenye nyekundu, picha iliyokuwa safi inaharibika, na wewe hujagusa kitu.

Bado kuna baridi. Sisi tunaishi kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama hapa kila mtu anatafuta sweta. Bomba la darubini ni la alumini, na alumini husinyaa. Bomba la nusu mita, halijoto ikishuka nyuzi 10, husinyaa karibu milimita 0.12. Kumbe hata usipobadilisha kichujio, baridi inakuondoa kwenye fokasi.

Mota inafanya nini basi? Inasogeza kamera hatua kwa hatua. Kila inaposimama, kamera inapiga picha fupi na programu inapima upana wa nyota. Mbali na fokasi nyota ni pana, karibu na fokasi ni nyembamba, ukipita zinapanuka tena. Vipimo hivyo ukivichora kwenye grafu vinatoa umbo la herufi V, na programu inarudisha mota pale chini kabisa. Jambo moja la kuangalia ni ulegevu wa meno ya gia. Ni kama baiskeli ambayo mnyororo umelegea: unakanyaga kidogo kabla gurudumu halijasikia. Kwa hiyo mota huamrishwa imalizie safari yake kutoka upande ule ule kila mara.

Kazi hiyo hufanywa kwa kila kichujio, tofauti zinaandikwa. Tuseme kutoka kijani hadi nyekundu ni hatua 30. Kuanzia hapo, ukibadilisha kichujio unaiambia mota isogee hatua 30 tu, basi. Programu za kazi hii zipo za bure, kwa mfano Ekos na N.I.N.A.

Sasa tupige hesabu ya usiku wetu. Shule yetu ni ya kutwa. Giza linakolea kama saa mbili kasorobo, na mwalimu mlezi anafunga saa tatu na robo. Tuna dakika 90. Kutafuta fokasi kwa mkono, kwa zamu, kila mmoja akitaka kuangalia, kunachukua dakika 10 hivi. Vichujio vitatu, na vitatu tena baridi ikizidi, hiyo ni saa nzima. Picha inabakiwa na nusu saa. Kwa mota, hata tukiipa dakika 10 kwa usiku wote, tunabaki na dakika 80. Na usiku wenyewe wa kupata ni wangapi? Hapa mvua ni karibu kila alasiri, na mawingu hayasomi ratiba ya klabu. Ukitoa Januari na Februari, usiku safi kwetu ni kama mgeni wa mwaka.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Wanaoishi mbali, hasa sisi tunaotembea katikati ya mashamba ya chai hadi laini za wafanyakazi, tunaruhusiwa mapema, saa tatu kasorobo. Tunakuwepo wakati wa kupapasa kifundo. Picha ikianza kupatikana sisi tuko njiani. Wanaokaa karibu na shule ndio wanaoiona. Sasa niulize: klabu ni ya nani?

Wapinzani wana hoja tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa heshima kwa sababu inanigusa. Wanasema, “Mashine zimewala wazazi wetu, na nyinyi mnataka kuzileta shuleni.” Mama yangu anachuma chai. Vidole vyake vinajua majani mawili na chipukizi bila yeye kutazama. Neno mashine kwetu nyumbani halitamkwi hivi hivi. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho wakati wa maandamano, na sote tunajua hasira ile ilitoka wapi. Lakini ndugu zangu, mashine isihukumiwe kwa jina lake. Iulizwe: inamnyang'anya nani, na inampa nani? Mashine ya chai inachukua kazi ambayo mtu alikuwa akilipwa na kulisha watoto. Mota ya darubini inachukua kazi ambayo hakuna aliyelipwa hata senti, na inachotoa ni muda, tena kwa yule anayeondoka mapema. Kuziweka hizo mbili kwenye kapu moja ni kuwadharau wachuma chai, kana kwamba shida yao ni kuogopa gia.

Hoja ya pili: eti mota ni ya wavivu. Hii sikubali. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 na kioo chake kikuu kilikuwa na kasoro ya karibu sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Picha zikatoka na ukungu, mpaka wanaanga walipoenda kuirekebisha Desemba 1993. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko umbali wa kilomita milioni 1.5. Vipande vyake 18 vya kioo vilipangwa kwa mota mwaka 2022, maana huko hakuna mkono unaofika. Je, wataalamu wale ni wavivu? La hasha!

Lakini wapinzani wana chembe ya ukweli hapa. Mota inaweza kudanganyika. Wingu likipita katikati ya vipimo, ile V inapinda na programu inachagua mahali pasipo. Asiyejua fokasi ni nini ataamini chochote anachoambiwa na kompyuta. Kwa hiyo nashauri kila mwanachama mpya aanze kwa mkono, akitumia kibao cha Bahtinov, ambacho ni duara la manila lenye mianya ya mstari. Ukikiweka mbele ya darubini, nyota hutoa miale mitatu, na ule wa katikati ukisimama sawasawa kati ya miwili mingine, umefika. Manila na wembe, gharama ni kidogo sana.

Hoja ya tatu ni ya darubini kubwa. Mimi nasema bomba refu zaidi husinyaa zaidi, na taabu ile ile itatufuata pamoja na mzigo mzito wa kubeba. Na wale wanaouliza kama haya yataletwa kwenye KCSE, wafungue kitabu cha Fizikia cha Kidato cha Tatu, sura ya kupinda kwa mwanga kwenye kioo. Ile thuluthi ya unene niliyoitaja inatoka humo humo.

Kwa hivyo nashauri hivi. Mota inunuliwe kwanza. Kila kidato kipewe kichujio kimoja kipime hatua zake na kuandika kwenye daftari la klabu, ili wanaokuja nyuma wasianze upya. Na usiku wowote mbingu zikiwa wazi, picha ya kwanza ipigwe kabla ya saa tatu kasorobo, wote wakiwepo. Anayepinga ajibu katika toleo lijalo. Kalamu naiweka chini.