Moyo wa papa na vumbi la mawe

Je, msomaji, umewahi kuona moyo wa papa? Sisi wa Tabaka, tulio mbali na bahari, papa tunamjua kwa jina tu. Hata hivyo, moyo wake una somo kwa kila nyumba inayokula kwa jasho la kuchonga mawe.

Moyo huo una sehemu 4 zilizofuatana kama mabehewa ya garimoshi. Damu ipitayo humo imekwisha kutumika mwilini. Husukumwa hadi kwenye matamvua, ikapata hewa safi, ndipo ikaenda mwilini.

Ukikitazama kwa hadubini kipande chembamba cha chumba kinachosukuma damu, utaona ajabu. Ndani, nyuzi za misuli zimepishana kama sifongo na damu hupenya katikati yake. Nje kuna tabaka (si Tabaka yetu!) la misuli iliyoshikana. Na kwa kuwa damu ya ndani ina hewa kidogo, vijishipa huleta nyingine safi kutoka kwenye matamvua.

Moyo wetu nao huwa kama sifongo katika wiki za mwanzo za mimba, kisha misuli hushikana. Ila sisi tuna pampu 2: ya kushoto hupeleka damu mwilini, ya kulia hupeleka mapafuni. Ukuta wa kulia ni mwembamba, kwani mapafu yenye afya hayahitaji kusukumiwa damu kwa nguvu nyingi.

Hapa ndipo penye hatari. Vumbi la mawe likivutwa miaka na miaka huweza kuyatia mapafu makovu. Basi pampu ya kulia hulazimika kufanya kazi kupita kiasi. Ukuta wake hunenepa, halafu huchoka. Miguu huvimba, na mtu hutweta akipanda kilima kifupi. Wengi husingizia uzee.

Kina mama, ninyi ndio mnaopiga msasa, mara nyingi watoto wakiwa kando. Lowesheni jiwe, msasa upigwe majini. Kazi ifanyiwe nje penye upepo, pua zifunikwe, na watoto wakae mbali. Mchongaji naye aache sigara. Anayekohoa zaidi ya wiki 2 asingoje. Hospitali ya misheni iko papa hapa Tabaka.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Hadi Jumapili ijayo, kila la heri.