Si weusi wako, ni mwangaza

Msee akikuambia umetoka vibaya kwenye video kwa sababu wewe ni mweusi sana, usikubali. Aliyeshika simu ndiye alikosea. Najua, kwa sababu nimekuwa huyo msee.

Nilikuwa narekodi harusi ya Kinubi hapa Makina, saa saba mchana. Mimi ndani, bi harusi mlangoni, nyuma yake jua likipiga mabati ya jirani. Kwa macho tuliona kila kitu. Kwenye video, mabati yaling'aa na uso wake ukawa kivuli. Shangazi yake akasema angepakwa poda zaidi. Manze, iliniuma.

Jicho linavumilia jua na kivuli kwa pamoja; simu haiwezi. Inakadiria mwangaza wa picha nzima, na ikiona mabati yanawaka, inapunguza kila kitu. Uso unazama. Si mambo ya leo pia: enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yetu haikuwa kipimo.

Kwa hivyo chagua. Msogeze mtu, jua lisiwe mgongoni mwake. Ikishindikana, gusa uso wake kwenye skrini na ushikilie. Simu nyingi zitapima mwanga hapo. Mabati yataungua yawe meupe kabisa, na hakuna kuhariri kutakakoyarudisha. Sawa tu. Hakuna aliyekuja harusi kuona mabati.