Simu yako ni kibubu au ni tundu?

Mimi huku Bugarama vumbi linanila, lakini nadunda kama kawaida. Wiki hii nataka tuongee habari za mshiko. Sisemi namna ya kuupata, maana kila mtu ana njia zake. Nasema namna unavyoyeyuka ndani ya simu yako mwenyewe, namba ya siri unayo wewe peke yako, na mwizi hakuna!

Nina mshikaji wangu mmoja, tumwite Bwana Duara. Kazi yake ni kuzama shimoni kutafuta dhahabu. Wenyeji wa huku mnaujua mchezo wenyewe. Mnachimba miezi, mnakula kwa mkopo, siku jiwe likikubali mnagawana viroba, mnapeleka karasha, mnaosha mwaloni, kisha dhahabu inauzwa. Mwezi uliopita zamu yake ikafika. Jamaa akalamba shilingi 1,800,000, zote zikaingia kwenye simu. Akaja kijiweni anatamba: "Safari hii siweki chini ya godoro, mwanangu. Ziko kwenye simu. Bati za Mayu lazima zipande!"

Siku ya tisa alikuja kuniomba nauli ya bodaboda.

"Hela ziko wapi, kaka?" nikamuuliza.

"Sijui bwana, labda hawa watu wa mtandao wamenikata."

Basi tukakaa chini ya mwembe tukaanza kusoma meseji moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemkata. Baa, kwa lipa namba, 430,000. Kubeti, 275,000. Kuwatumia watu, wengine hata majina yao hayakumbuki vizuri, 610,000. Kilichobaki kilikwenda kwenye madeni ya dukani, bando na makato. Salio: shilingi 6,400. Jamaa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kumbe ni mimi mwenyewe."

Sasa ndugu msomaji, usimcheke. Wengi wetu tungekaa chini ya mwembe huo huo tukatoka na jibu hilo hilo.

Tukumbuke hii kitu ilikotoka. M-Pesa ilianza kwa majirani zetu Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu 2008. Kabla ya hapo, ukitaka kumtumia mama hela unampa konda wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Simu ikatuokoa. Lakini angalia, ilianza kama njia ya kupitishia hela, na njia haitunzi kitu, inapitisha tu. Akiba zilikuja baadaye. Mwaka 2014, kwa mfano, ilikuja M-Pawa, ukawa unaweza kuweka akiba kwenye simu na kulipwa riba, na humo humo ukakopa. Ni jambo zuri. Ila hesabu mwenyewe umbali kati ya akiba yako na baa: ni vidole vinne vya namba ya siri.

Kile kibubu cha mbao cha zamani kilikuwa na akili zake. Kukivunja kunataka nyundo, nyundo inapiga kelele, kelele inamwamsha mama, na mama anauliza, "Unavunja cha nini?" Ile shida ya kukivunja ndiyo ilikuwa inatunza hela. Simu haina kelele.

Na mimi msinione mjanja. Mwaka 2024 nilichacha vibaya, nikapakua programu moja ya mikopo, jina lake nalihifadhi. Ikauliza kama inaruhusiwa kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yangu. Nikabonyeza kubali bila hata kusoma. Niliomba 50,000, ikaingia 36,000, iliyobaki wakaiita gharama. Baada ya siku 7 wakataka 54,000. Siku ya nane meseji zilianza kumiminika, si kwangu, bali kwa watu wangu. Mwalimu wangu wa sekondari akaandikiwa kuwa mimi ni tapeli. Mayu akapigiwa simu akiwa sokoni, akauza kuku wawili ili anilipie. Hao kuku sijawarudisha mpaka leo naandika.

Kumbe sikuwa peke yangu. Novemba ile ile ya 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Watu wameshaipa mikopo ya namna hii jina lake: kausha damu. Kwa hiyo kabla hujapakua, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na ikitaka kusoma majina ya watu wako, funga, nenda kalale na njaa yako kwa amani.

Dawa nini? Mimi nimejifunza kwa Mayu. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa na sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Hata ukiamka usiku una kiu ya kutumia, utawagongea wangapi? Sasa jambo hilo hilo lipo kwenye simu. Mwaka 2019 Vodacom na benki ya TPB, ambayo siku hizi inaitwa TCB, walianzisha M-Koba kwa ajili ya vikundi. Mnachanga kwa simu, na hela haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Hapo ile kelele ya nyundo inakuwa imerudi.

Kama huna kikundi, fanya hivi. Siku hela inapoingia, kabla hujamwambia mtu, hamisha fungu la akiba liende mahali ambapo kulitoa kuna usumbufu: akaunti ya muda maalumu, au akaunti ya benki ambayo hujaiunganisha na simu. Kila Jumapili soma meseji zako za miamala kama daftari la duka, jumlisha, andika. Nakuhakikishia utaona aibu, na aibu hiyo itakusaidia. Na yule anayekwambia "ile hela tuma kwenye namba hii", mpigie kwanza mdeni wako wa kweli umsikie sauti.

Bwana Duara naye? Yeye na wenzake watano wa shimo moja wamefungua kikundi. Kila mgao, kabla ya bia, kila mtu anaweka fungu lake. Mgao wa kwanza ulikuwa mdogo, akaweka 40,000. Juzi usiku alinipigia simu, nikasikia muziki nyuma yake. "Nimewaomba viongozi wanitolee hela yangu kidogo, wamekataa. Hawa jamaa wana roho mbaya!"

Nikamwambia, hongera sana kaka. Mvua haziko mbali, na nyumba ya Mayu wako bado ni ya nyasi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.