Mwenye Tarehe Ndiye Mwenye Sikukuu

Ndugu msomaji wa Rwekubo, wa Juru na wa Rubondo, nawe uliyeko Mbarara mjini,

Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, mahema husimamishwa, viti vya mbele hutengewa wageni rasmi, na jamii zetu huitwa uwanjani kwa zamu. Kila jamii hupewa dakika chache za kucheza ngoma. Makofi hupigwa, picha huchukuliwa, kisha hotuba hufuata. Baadaye tunaambiwa kuwa utamaduni wetu umeheshimiwa. Mimi nasema umeazimwa tu, nao utarudishwa ghalani hadi mwaka ujao.

Ngoma ni sehemu ya sikukuu, lakini sikukuu ina majira yake, sababu yake na wenyewe. Tazama Umuganura. Kwa Warundi ilikuwa sherehe ya kupanda mtama. Kwa Wanyarwanda, sherehe ya malimbuko. Wakoloni wa Kibelgiji waliifuta nchini Rwanda mwaka 1925, kwani mwenye kutangaza siku za shamba ana sauti kubwa kuliko mkusanya kodi. Ilirejeshwa kitaifa mwaka 2011, na sasa huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Mkoloni si mshtakiwa pekee. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya rais iliwakataza wanawake kuipiga, na ikataka kibali cha serikali kabla ya kuichezesha. Sifa za dunia hazikumpa mwenye ngoma mamlaka juu ya ngoma yake.

Huko China nako, Wadai wa Xishuangbanna humwagiana maji katikati ya Aprili kuukaribisha mwaka wao mpya. Katika bustani moja ya watalii, maji hayo humwagwa kila siku kwa mwenye tiketi. Mwaka mpya unaofika kila siku ni mwaka mpya wa nani?

Sasa fungua Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Jedwali la Tatu liliorodhesha jamii 56 za wenyeji, na marekebisho ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Jamii nyingi za kambini hazimo. Lakini Ibara ya 37, inayolinda haki ya kushiriki, kudumisha na kukuza utamaduni pamoja na wengine, inasema ni haki ya kila mtu. Haikusema kila raia. Msomaji, lishike neno hilo. Haki hiyo si fadhila ya mfadhili. Vilevile Ibara ya 32 inakataza mila zinazodhalilisha wanawake, na amri ya Burundi haina nguvu hapa. Binti wa Kirundi akitaka kuipiga ngoma ya babu zake Nakivale, nani wa kumnyang'anya mikwiro?

Wapo watakaosema kwamba sikukuu za makabila zitaamsha ukabila uliotukimbiza makwetu. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Lakini chuki hulelewa gizani, pale jirani asipojua jirani anaadhimisha nini. Sikukuu yenye mlango wazi, ambapo Msomali, Mbembe na Mnyankore wanakaribishwa kula na kuelezwa maana yake, huikata chuki hiyo mizizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wengine watasema mgao wa chakula umepunguzwa, na mwenye njaa hachezi. Nawajibu kwamba Umuganura ni sikukuu ya chakula chenyewe. Chungu cha uji wa mtama na maneno ya mzee havigharimu kama mahema ya tarehe 20 Juni.

Basi tufanye hivi. Kila jamii, wazee wa kike na wa kiume pamoja, iandike kalenda yake: jina la sikukuu, majira yake, sababu yake. Iandikwe kwa Kiswahili, lugha inayotuunganisha, na nakala zipelekwe kwa kamati za ustawi wa wakimbizi na kwa walimu wakuu. Waoromo huadhimisha Irreecha kando ya maji, mvua kubwa za kwao zinapokwisha. Nasi tuna ziwa zima hapa. Je, mtoto wa Kioromo shuleni anaijua siku hiyo? Mwalimu wake je?

Na mfadhili ajaye kutaka ngoma aulizwe kwanza: utakuja siku yetu, au unataka tuje siku yako? Akija siku yetu, tumpe kiti, tumpe uji, naye asikilize. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini na anayeicheza asili yake kwa ratiba ya mwingine hajawa huru bado.