Mchakachuaji Anapenda Kipimo Kimoja

Kuchakachua siku hizi kunasemwa kwa kura, kwa vyeti, hata kwa mapenzi. Makao yake hasa ni kituo cha mafuta. Mafuta ya taa yakiwa na bei nafuu humiminwa kwenye dizeli, na gharama humwangukia mwenye gari: pampu iliyotegemea ulainishi wa dizeli halisi husagika kabla ya wakati wake.

Serikali zetu zimejibu kwa vinasaba, yaani kemikali za alama, na kwa kodi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake iikaribie ya dizeli. Kenya mwaka 2018 ikaja na tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta hayohayo ya taa. Hesabu ilikuwa sahihi, ila bili ilipelekwa pia kwa bibi mwenye kibatari ambaye hajawahi kumiliki tangi.

Vinasaba ni kipimo kizuri, lakini ni kimoja, na kipimo kimoja mwizi hukisoma kama mwanafunzi anayejua swali la mtihani. China walijifunza hilo kwa machozi. Protini ya maziwa ilikadiriwa kwa wingi wa naitrojeni. Wajanja wakatia maji, kisha wakairudisha naitrojeni kwa melamini, kemikali inayotengenezewa sahani za plastiki, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kikaridhika. Mwaka 2008 ulipokwisha, watoto wachanga 6 walikuwa wamekufa na takriban 300,000 wameugua.

Ipo njia nyingine, wala si ngeni. Msweden Svante Wold aliipa jina la kemometria mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashine haiulizi sampuli swali moja. Inauliza mengi kwa mpigo, kisha kompyuta inayakunja majibu yote hadi kila sampuli inabaki nukta moja kwenye ramani. Zinazofanana zinakaa jirani. Michele Forina na wenzake wa Genoa, Italia, walipima asidi 8 katika sampuli 572 za mafuta ya zeituni kutoka maeneo 9. Ya Kusini, ya Kaskazini na ya kisiwa cha Sardinia yakajipanga kila moja na kundi lake, bila mtu kusoma lebo.

Kwa dizeli njia hii inafaa zaidi, kwa sababu dizeli na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja. Molekuli nyingi wanazo wote wawili, kwa hiyo hakuna hata moja ya kunyooshewa kidole. Kinachowaumbua ni uwiano wa zote kwa pamoja, na huo mchakachuaji hawezi kuurekebisha kwa kopo na mpira.

Lakini muuza mashine asitutie kiwi. Mpe kompyuta sampuli 20 na vipimo 500, itapata tofauti hata kama haipo. Inaweza hata kuigeuza siku ya kupimia kuwa ushahidi. Programu ihukumiwe kwa sampuli ambazo haijawahi kuziona. Tena iwe na ruhusa ya kusema "hii siijui". Nyingi hulazimisha kila kitu kiingie kwenye kapu fulani. Wold mwenyewe alitoa katika miaka hiyohiyo ya 1970 mbinu ya SIMCA, inayokubali sampuli isiyo ya kundi lolote. Mwenye kituo asipandishwe kizimbani na programu isiyojua kusema haijui.

Kuna jambo la msingi kuliko mashine. Dizeli halali yenyewe hailingani: hutoka viwanda tofauti na mafuta ghafi tofauti. Bila maktaba ya sampuli halisi, mgeni yeyote ataonekana mwizi. Hapa Tanzania tuna bahati ambayo wengi hawana, kwani tunaagiza mafuta kwa pamoja na kila meli inajulikana siku yake ya kushusha Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Wizara iagize lita chache zichukuliwe kwenye kila meli kabla shehena haijachanganyika kwenye matangi ya bohari, zipimwe, na matokeo yawekwe mahali ambapo maabara zote za Serikali zinayafikia. Meli ijayo ingetosha kuanzia.