Ndege wa Nchi za Mbali: Mvumaji Mdogo wa Kuba

Wasomaji wetu wengi wamjua chozi, ndege mdogo anyonyaye utamu wa maua kwa mdomo uliopindika. Huyu tumletaye mwezi huu hufanya kazi ile ile, lakini si ndugu yake, kwani jamii yote ya ndege wavumao hukaa Amerika tu. Chozi aghalabu hutua kwenye kijiti ndipo anyonye. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua, akipiga mabawa yapata mara 80 kwa sekunde moja, hata macho huyaona kama ukungu. Uvumi wa mabawa hayo ndio uliompa jina; na watu wa Kuba humwita zunzuncito.

Haonekani ila Kuba, wala hapana ndege duniani aliye mdogo kuliko yeye. Urefu wake, mdomo na mkia pamoja, ni sentimita 5 au 6, na uzito wake yapata gramu 2. Majira ya kutaga yakifika, kichwa na koo la dume huwa jekundu, likimetameta kama kaa la moto, na manyoya ya koo huchomoza pande mbili mfano wa masharubu. Mgongo ni wa buluu, tumbo la kijivu. Majira yakipita, huuvua wekundu huo. Jike ana mgongo wa kijani na ncha nyeupe mkiani, naye humshinda dume kidogo kwa ukubwa. Ndiye ajengaye kiota peke yake, kwa utando wa buibui na vipande vya magome, akataga humo mayai mawili, kila moja kadiri ya punje ya mbaazi.

Mtu angedhani kiumbe kama huyu atoshewa na kichaka chochote. Sivyo. Apenda msitu uliokomaa, wenye mimea itambaayo na ile iotayo juu ya matawi, apate maua na vidudu. Juan Gundlach alipomgundua mwaka 1844, alikuwa akionekana sehemu nyingi za kisiwa. Baadaye misitu mingi ilifyekwa kwa ajili ya miwa na malisho ya ng'ombe. Muwa una utamu mwingi (nasi twautia katika chai kila asubuhi), lakini ua lake halina hata tone la kumpa ndege huyu. Leo wamebaki makundi yaliyotengana, kama katika rasi ya Guanahacabibes upande wa magharibi, na katika kinamasi kikubwa cha Zapata, ambako majimaji yamemzuia mkulima.